Pumu: Tangawizi kikombeni, moshi jikoni

Pumu ikikubana, ushauri haukosi: kunywa tangawizi, lamba asali, jaribu habasoda. Sawa, chai ya moto inalainisha koo. Lakini pumu haiko kooni. Ni njia za hewa mapafuni zinazovimba na kubana.

Mazoezi ya kupumua yanawapa baadhi ya wagonjwa nafuu, na kupunguza uzito uliozidi kunasaidia. Ila hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya inhela. Tena tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA unasema inhela ya kufungua kifua peke yake haitoshi. Inatakiwa pia dawa ya kuvuta inayotuliza ule uvimbe.

Kinachosahaulika ni moshi, ambao huamsha pumu. Mkakati wa Tanzania unataka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mwenye pumu, huko ni mbali. Leo hii toa jiko la mkaa nje, sigara isivutwe ndani, na usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usichemshe tangawizi. Vuta inhela, wahi hospitali.