Kodi ya Mapato kwa Wenye Makazi na Mali Pande Mbili za Ruvuma



Nanganga ni njia panda. Anayetoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi hupita hapa, na hapa hapa barabara ya Ruangwa huchepuka. Wengi wa wapitao wana ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako Tanzania na wako Msumbiji. Mpaka uliwakuta, haukuwaumba. Hivyo si jambo la ajabu kumwona mtu mwenye mikorosho Newala na duka Mueda, au mwenye nyumba ya kupangisha Masasi huku yeye mwenyewe akiishi mji wa Pemba wa Msumbiji. Tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, safari hizo zimekuwa na njia ya wazi, ingawa vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimezitia hofu na kuwaleta wengine kwetu kama wakimbizi.

Kwa watu wa namna hii liko swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa uvumi: je, kodi ya mapato inalipwa wapi? Wako wanaodhani kwamba pato la ng'ambo halihusiani kabisa na serikali ya huku. Wako wengine wanaoamini kwamba lazima walipe mara mbili, na kwa hofu hiyo huficha yote. Mawazo hayo yote mawili si sahihi, na yote mawili huzaa dhuluma. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kadiri sheria inavyosema.

Hofu ya watu wetu ina historia, wala hatuna budi kuidharau. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1898. Kule kusini mwa mto, Kampuni ya Nyassa ilitawala hadi mwaka 1929, ikikusanya kodi ya nyumba na kuwapeleka watu kazini kwa nguvu. Baada yake serikali ya Kireno ikalazimisha kilimo cha pamba. Maelfu ya watu walivuka Ruvuma wakaja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Hata baada ya uhuru, kodi ya kichwa iliendelea hapa kwetu hadi mwaka 1969, na kodi ya maendeleo, iliyokuja baadaye, ilifutwa mwaka 2003. Kodi hizo zilimdai mtu kwa sababu tu yupo. Mzee aliyewahi kujificha porini siku ya msako wa kodi hawezi kulaumiwa akisikia neno hilo na kutetemeka.

Lakini kodi ya mapato ni kitu kingine. Haimdai mtu kwa kuwa na kichwa au nyumba. Inadai sehemu ya kile alichopata. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataja mapato ya aina tatu: ya ajira, ya biashara, na ya uwekezaji, kama vile pango la nyumba. Asiye na pato hadaiwi. Mwenye pato dogo pia amefikiriwa: tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi hiyo, na mfanyabiashara mdogo aliye katika utaratibu wa makadirio, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, halipi. Fedha anazotuma mtoto kumsaidia mzazi wake chakula na dawa si mshahara wa mzazi, wala si faida ya biashara yake. Tena kodi hii isichanganywe na ushuru wa forodha unaotozwa bidhaa mpakani, wala na ushuru wa mazao unaokwenda halmashauri. Kila moja ina sheria yake na risiti yake.

Je, nani ni mkazi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa mambo ya kodi, sheria haiulizi kabila, wala haitosheki na uraia, inauliza ukazi. Mtu huhesabiwa mkazi wa Tanzania kwa mwaka husika ikiwa ana makao ya kudumu hapa nchini na amekuwapo nchini kwa muda wowote wa mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu naye huwa mkazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, au akikaa mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria nayo ina hesabu yake ya siku za kumpa mgeni jembe, ila ni ndefu kidogo.

Mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, ya hapa na ya nchi za nje. Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo chake Tanzania tu. Na yule ambaye katika maisha yake yote hajafikisha zaidi ya miaka miwili ya ukazi hapa nchini, sheria haimtozi kwa pato lake la nje. Ndugu zetu waliokimbia vita karibuni, wakiwa na kipande cha mali walikotoka, walijue hilo.

Tuchukue mifano. Wa kwanza ana familia na nyumba yake Nanganga, na ana duka Mueda. Huyu ni mkazi wa Tanzania, hata kama nusu ya mwaka yuko dukani kwake. Pato la duka analitaja katika ritani yake hapa. Wa pili amehamia Pemba moja kwa moja, hana tena makao hapa, bali ameacha nyumba Masasi yenye wapangaji. Huyu si mkazi. Duka lake la Pemba si hesabu ya Tanzania, lakini pango la Masasi chanzo chake ni Tanzania, na linatozwa kodi hapa. Ndugu anayempokelea pango hilo asijione yuko nje ya jambo. Aandike kila senti anayopokea na kila anayoituma.

Je, ni kulipa mara mbili?

Msumbiji nayo hudai kodi kwa mtu anayekaa huko zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na kwa mapato yanayotokea kwake. Basi yule wa kwanza atadaiwa kote kuwili? Sheria ya Tanzania inampa nafuu: kodi ya mapato aliyokwisha kulipa nje kwa pato lile lile huondolewa katika kodi anayodaiwa hapa, ilimradi isizidi kiwango ambacho pato hilo lingetozwa Tanzania. Kwa mfano wa kueleza tu, ikiwa pato la duka la Mueda lingetozwa hapa shilingi 300,000, naye amekwisha kulipa kule kiasi cha shilingi 200,000, anabakiwa na 100,000. Ikiwa kule alilipa 400,000, hapa hadaiwi tena kwa pato hilo, ila ile 100,000 ya ziada hairudishwi.

Nafuu hii ina sharti moja kubwa: ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kodi iliyolipwa bila risiti ni kama haikulipwa. Aliyempa mtu fedha mkononi pembeni mwa soko, akaambiwa maneno matamu pasipo karatasi, hana la kuonyesha akifika ofisini. Vivyo hivyo kwa hesabu ya siku. Anayevuka kwa mtumbwi usiku hana muhuri wa tarehe, na siku ya kuulizwa alikaa wapi, mto hautatoa ushahidi. Apitaye mlango halali wa mpaka hujilinda mwenyewe. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Ritani ya mwaka hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Na asiyeridhika na makadirio ya kodi ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Wengi hupoteza haki yao kwa kukaa kimya siku hizo zikapita.

Wanaouza shamba au nyumba ili kuhamia ng'ambo nao wasidanganywe. Faida ya mauzo hutozwa kodi, lakini si kila mauzo. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya soko iliyo chini ya shilingi milioni 10, lililotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, halimo. Nyumba ambayo mtu ameimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, nayo haimo, kama faida haizidi shilingi milioni 15. Mjane anayeuza ekari zake mbili za mikorosho ajue maneno haya kabla hajakutana na dalali anayemwambia ampe yeye fedha za kodi.

Haki ina pande mbili

Tunasema wazi kwamba kuficha pato ni kosa. Mwenye maduka mawili na lori, anayejiita mkazi wa huku akiulizwa kule, na mkazi wa kule akiulizwa huku, anamtwisha mzigo wake mwalimu ambaye kodi yake hukatwa kabla hajaugusa mshahara. Mtoto wa mtu huyo hutibiwa katika zahanati ile ile. Hata hivyo ni kosa pia kumdai maskini asichodaiwa na sheria, au kumtisha asiyejua kusoma.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, serikali za Tanzania na Msumbiji zifunge mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili. Tanzania inayo mikataba ya namna hiyo na Zambia, Afrika Kusini, India na nchi kadhaa za Ulaya. Jirani tunayechangia naye mto, na ambaye tumejenga naye daraja, hapaswi kuwa wa mwisho. Bila mkataba, mtu anayehesabiwa mkazi na nchi zote mbili hana kanuni ya pamoja ya kuamua ni wa wapi. Pili, Mamlaka ya Mapato ifike vijijini, hadi kwenye vyama vya msingi vya wakulima, ieleze haya kwa Kiswahili chepesi kabla ya msimu wa korosho, wakati ambapo watu hawajashika fedha. Tatu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawasaidie wazee, wajane na wageni kutunza risiti, kuandika tarehe za safari na kusoma barua za kodi mapema. Kijana mmoja ajuaye kusoma na kuhesabu anatosha kwa jumuiya nzima.

Wazee wetu walivuka Ruvuma wakiikimbia kodi iliyowadai bila kuwapa kitu. Sisi tunaovuka leo tuvuke mchana, risiti zikiwa mfukoni, tukilipa kinachotupasa na kukataa kisichotupasa.