Mchungaji wa Dura, wa Ravenna na wa Burundi

Picha ya Yesu kama Mchungaji Mwema haikubaki ileile katika karne za mwanzo za Ukristo. Katika chumba cha ubatizo cha Dura-Europos, mji wa kale wa Siria kando ya mto Frati, mchoraji wa karne ya 3 alimwonyesha mchungaji katika kanzu fupi ya kazi, amebeba kondoo mabegani. Lakini huko Ravenna, Italia, katika mozaiki ya karne ya 5, yaani picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya kioo, iliyomo ndani ya jengo liitwalo kaburi la Galla Placidia, mchungaji ameketi katika vazi la dhahabu kama mfalme, na badala ya fimbo ameshika msalaba.

Kwa waumini wa Bujumbura, nchini Burundi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Katika nchi ambayo salamu yake ya jadi humtakia mtu makundi ya ng'ombe, na ambayo Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, aliyekemea mauaji waziwazi, aliuawa njiani Septemba 1996, mchungaji anayeeleweka ni yule wa Dura, anayeuchukua mzigo mwilini mwake. Basi inasikitisha kwamba makanisa mengi bado hutundika picha za Kizungu zenye malisho ya Ulaya, ilhali vilima vya eneo la Mugamba nchini humo, pamoja na wachungaji wake wenye fimbo ndefu, vinawafaa sana wachoraji wa Burundi.