Jua si udhuru: pano ziwashe taa, lakini deni la Kilubi lilipwe

Kamina, Haut-Lomami – Saa moja ya jioni, giza linapoingia mjini Kamina, mpita njia anaitambua nyumba yenye pano ya jua hata kabla ya kutazama juu ya bati. Taa nyeupe inamulika hadi mlangoni. Watoto wa majirani wamekuja na madaftari yao. Pembeni, simu za watu zimejaa kwenye meza zikichaji. Nyumba isiyo na pano inategemea mshumaa au tochi ya simu, na simu hiyo nayo imelipiwa ili ipate moto.

Hakuna anayeweza kusema kwamba pano hizo hazijasaidia. Lakini siku hizi yanasikika maneno mengine: eti kwa kuwa jua lipo, tatizo la umeme limekwisha, kila mtu ajinunulie pano yake na kunyamaza. Maneno hayo si kweli. Wakaaji wa Kamina wakiyakubali, watakuwa wamesamehe deni ambalo halijalipwa.

Tuanze na faida, kwa sababu ni nyingi. Kamina iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu 9, na jua lake ni kali mwaka mzima. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, mawingu ni machache sana. Pano haidai mafuta, wala haipigi kelele kama jenereta. Katika kituo cha afya, friji ya jua inatunza chanjo za watoto, na mama anayejifungua saa nane za usiku hahitaji tena kumulikiwa kwa tochi iliyoshikwa mdomoni.

Kwa familia zilizokimbia vita, pano ina faida nyingine ambayo mwenye nyumba anaweza asiifikirie. Waya wa umeme unabaki na nyumba uliyoiacha. Pano ndogo inafungwa juu ya baiskeli na kuondoka na wenyewe. Inawasha taa moja ili mama na binti wafike chooni usiku bila hofu. Inawasha radio, na kwa radio watu wanajua kama kijiji chao kimetulia au bado.

Sasa tuje kwenye hesabu. Pano ya wati 50, ikipata saa tano za jua zuri, inatoa kama wati-saa 250 kwa siku. Hizo zinatosha taa nne ndogo kwa jioni nzima, simu kadhaa, na televisheni ndogo kwa saa mbili au tatu. Lakini pasi ya umeme ya wati 1,000 inazila zote kwa robo saa. Jiko la umeme ni vilevile. Mashine ya kusaga mahindi yenye nguvu ya kilowati 10 inahitaji pano 200 za namna hiyo, tena saa sita za mchana bila wingu. Ndiyo sababu mwenye pano bado ananunua makala ya kupikia, na mwenye mashine ya kusaga bado ananunua mazuti. Mchomeleaji na mwenye friji ya samaki nao wanabaki palepale. Taa imefika nyumbani, lakini kazi zinazolisha nyumba bado zinangoja umeme wenye nguvu.

Tena kuna mvua. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, siku mbili za mawingu mfululizo zinatosha kuizima nyumba. Hapo ndipo watu wanagundua kwamba pano si kitu bila batri, na batri ndiyo inayokula pesa. Batri ya gari ikizoezwa kumalizwa kabisa kila usiku inakufa mapema. Isishuke chini ya nusu. Ikifa, mara nyingi inatupwa nyuma ya nyumba, asidi inamwagika karibu na kisima, na watoto wanachezea risasi iliyomo ndani, ambayo ni sumu kwa ubongo wao.

Sokoni pia kuna pano zilizoandikwa wati 100 ambazo hazifikishi hata nusu. Mnunuzi asione haya kudai ipimwe juani na fundi mwenye kipimo kabla ya kutoa pesa. Anunue na regulateri ya kulinda batri. Pano itazame kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na wakati wa moto wa pori ipanguswe masizi asubuhi, ikiwa bado baridi. Wanaochanga likelemba wanaweza kununua batri moja nzuri kwa nyumba mbili kuliko batri mbili za kubahatisha.

Wengine watasema: basi pano nyingi ziwekwe pamoja, zilishe mji. Jambo hilo linawezekana, na Kongo imekwisha kulionja. Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, ilikuwa na umeme wa maji wa Mpiana-Mwanga, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa bati na kuharibiwa wakati wa vita. Tangu mwaka 2018 mji huo una kituo cha jua cha megawati 1 chenye batri. Goma nayo ilipata kituo cha megawati 1.3 cha kampuni ya Nuru mwaka 2020, na jenereta ikawekwa pale kusaidia pale jua linaposhindwa. Huo ni mwanzo mzuri, na Kamina inastahili kitu cha namna hiyo. Lakini hata huko, mwananchi analipia kila kilowati-saa. Lazima bei ijulikane mapema na iangaliwe na serikali.

Pamoja na hayo, Kamina haijaanza sifuri. Kituo cha Kilubi kilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi ya kijeshi ya Kamina, kikiwa na uwezo wa karibu megawati 10. Kwa miaka mingi hakijatoa nguvu zake zote. Mashine zake zote zikizunguka mchana na usiku, kazi yake ya siku moja ni sawa na ya pano za wati 50 karibu milioni moja. Hakuna mtaa utakaonunua pano milioni moja. Kumwambia raia ajitegemee kwa jua huku Kilubi ikiwa hivyo ni kumwambia mwenye kiu anywe umande wakati mto upo.

Na mito ipo kweli. Maji ya Lualaba yanazungusha mashine za Nzilo na Nseke kwa ajili ya migodi ya Kolwezi, halafu yanateremka hadi Bukama, ambako wavuvi wanapima samaki kwa tochi. Tangu mwaka 1982, waya wa Inga hadi Kolwezi, kilometa karibu 1,700, unabeba umeme juu ya vijiji ambavyo havina hata taa moja. Nchini kote, kama mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme.

Sheria haikosekani. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine mbali na SNEL, ikaweka mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, na shirika la ANSER kwa ajili ya vijiji na pembezoni mwa miji. Basi wabunge wa jimbo na liwali waulizwe maswali mawili kila wanaposimama mbele ya raia: Kilubi itatengenezwa lini, na kwa pesa gani? Na mradi wa jua ukija, je, familia za wahami wanaolala kwenye viwanja vya wenyeji zitahesabiwa, au atahesabiwa mwenye kiwanja peke yake?

Mwanasiasa akija kugawa taa za jua, zipokelewe kwa mikono miwili na aambiwe asante. Kisha, kabla hajapanda gari, aulizwe habari za Kilubi.