SEHEMU YA 6: Mkono ukinyamaza, usisubiri Jumatatu

Tunaendelea na mada yetu ya figo. Leo naongea na wewe ambaye nyumbani kwako kuna mtu anayesafishwa damu kwa mashine: mume, mama mkwe, au wewe mwenyewe.

Kwanza tuondoe hofu ya jina. Daktari akisema mgonjwa wa figo atengenezewe fistula, siyo ile fistula ya uzazi ya mama kuvuja mkojo. Nimeona familia ikigoma kusaini karatasi ya upasuaji kwa sababu ya neno hilo tu. Hii inatengenezwa makusudi, mkononi. Mshipa unaoleta damu kutoka moyoni unaunganishwa na ule unaoirudisha. Damu inaingia kwa nguvu, mshipa unatanuka na kukomaa, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, hadi unaweza kuchomwa sindano mbili nene kila siku ya mashine. Madaktari wa New York, Brescia, Cimino na wenzao, waliandika kuhusu njia hii mwaka 1966, na mpaka leo wagonjwa wengi inawafaa kuliko mrija wa shingoni, kwa sababu hudumu zaidi na haileti maambukizi kirahisi.

Ukiigusa unasikia mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti inapopigiwa. Mtetemo huo ndio dalili kwamba damu inapita.

Sasa sikieni. Kuna dada mmoja, mama wa watoto wawili. Ijumaa usiku alimlaza mdogo juu ya mkono ule ule hadi alfajiri. Jumamosi akagusa: kimya. Akapiga simu hospitali. Aliyepokea akamjibu, "Si una mashine Jumatatu? Njoo siku yako." Nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto. Jumatatu niliweka vidole mimi mwenyewe, hakuna kitu. Bonge la damu lilikuwa limeshashikana na ukuta wa mshipa. Akawekwa mrija shingoni, na ile fistula ikawa imekufa. Akaniuliza, "Sista, kwani nilikosea wapi?"

Mdogo wangu, wewe hukukosea. Uligusa mkono, ukapiga simu. Tuliokosea ni sisi. Na sisemi hivi kumsema mwenzangu aliyepokea simu, maana miaka ya nyuma hata mimi ningejibu vile vile. Tulizoea kuona fistula ni jambo la siku ya mashine, wakati mkono ulionyamaza ni dharura kama mama mjamzito anayetokwa damu. Huyo hatumwambii asubiri kliniki.

Kwa nini haraka? Kwa sababu fistula iliyoziba inaweza kuokolewa, hasa ndani ya siku mbili za kwanza. Daktari wa upasuaji anafungua sehemu ndogo, anapitisha mrija mwembamba wenye kiputo nchani, anakijaza kikiwa kimeshavuka bonge, kisha anavuta na bonge linatoka. Lakini kutoa bonge peke yake haitoshi. Mara nyingi chini yake kuna mahali mshipa umekuwa mwembamba, na pasiporekebishwa utaziba tena. Hapo anapanua kwa puto lenye nguvu, au anashona kiraka, au anaunganisha upya juu kidogo, kwenye mshipa mzima. Bonge likikaa siku nyingi, kazi hiyo inakuwa ngumu au haiwezekani kabisa. Na mishipa ya mikono haina akiba kubwa. Kila fistula inayokufa inapunguza nafasi ya inayofuata.

Najua jibu la wenzangu: wikiendi bingwa wa mishipa hayupo, na mikoa mingine hayupo kabisa. Ni kweli. Ndiyo sababu mgonjwa aanze kushughulikiwa Jumamosi. Apimwe utrasaundi na potasiamu, bingwa apigiwe simu, barua ya rufaa iandikwe. Kama safari ni ndefu, siku mbili za kungoja nyumbani ndizo zinazoua fistula.

Kwa hiyo nyumbani fanyeni hivi. Gusa asubuhi na jioni, na mfundishe hata mtoto mkubwa kugusa mkono wa bibi yake. Mkono huo hauwekwi dripu, haupimwi presha, hautolewi damu. Usilalie, usibebee ndoo, usivae bangili ya kubana, na mtoto mlaze upande wa pili. Mtetemo ukipungua, mkono ukivimba, au damu ikichelewa kukata baada ya sindano kutolewa, sema mapema, maana mshipa unaoanza kubana ni rahisi kurekebisha kuliko ulioziba. Ikivuja damu nyumbani, bonyeza kwa kidole bila kuachia na muwahi hospitali.

Na mtetemo ukipotea, usikande, usisugue. Njoo siku hiyo hiyo, hata usiku. Ukiambiwa usubiri siku yako, jibu kwa adabu lakini usiondoke: "Fistula imenyamaza, naomba daktari aione leo."

Yule dada bado anakuja kwangu mara tatu kwa wiki. Anasubiri fistula ya mkono wa pili ikomae. Kila akifika ananinyooshea mkono kabla hata ya salamu, na mimi naugusa kwanza.

Tuonane sehemu ya 7.