"Ina GB ngapi?" ndilo swali linalotumaliza

Wadau, leo sina stori za mitihani wala za wali wa kafeteria. Leo nina ugomvi. Bumu limeingia, watu wanashuka mjini kutafuta kadi za grafiki za kompyuta zao, na kila mmoja ana swali moja tu mdomoni: "Ina GB ngapi?" Muuzaji anajibu "nne", mnunuzi anatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, pesa inahesabiwa. Kwisha habari.

Jamani, huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mshkaji wangu mmoja wa usanifu majengo, yuko mwaka wa mwisho, karudi juzi na GT 730 ya GB 4, memori ya aina ya DDR3. Ameiacha dukani GTX 750 Ti iliyotumika, bei karibu ile ile, kwa sababu muuzaji kamwambia "hiyo kaka ina mbili tu". Duka sitalitaja. Lakini hebu tuziangalie hizo kadi mbili, zote za mwaka 2014. GT 730 ya aina hiyo ina viini 384, na memori yake inapita kwenye njia ya biti 64, kama GB 14 kwa sekunde. 750 Ti ina viini 640 vya kizazi kipya zaidi, na memori yake ya GDDR5 inapitisha kama GB 86 kwa sekunde. Mara sita! Halafu mtu anaambiwa hiyo ndiyo ndogo.

Fikirieni jiko la kafeteria. Memori ni stoo, viini ni wapishi, na kasi ya memori ni mlango wa stoo. GT 730 ya GB 4 ni stoo kubwa yenye mlango wa kupita paka na wapishi wachache nje wanasubiri vitunguu. Kama hamniamini mimi, aminini hesabu ya darasa la saba. Unataka picha 30 kwa sekunde ili gemu au jengo lako lizunguke bila kukwama? Gawanya 14 kwa 30. Kila picha moja inaweza kugusa chini ya nusu GB ya memori, basi. Hizo GB tatu na nusu zilizobaki zinalala. Umezilipia zilale. Na ile "ndogo"? 86 gawanya kwa 30, inakaribia GB 3, maana yake inaweza kuizunguka stoo yake yote na nafasi ikabaki.

Kwa nini sasa watengenezaji wanaweka GB 4 kwenye kadi dhaifu hivyo? Kwa sababu DDR3 ilikuwa rahisi na namba inaonekana vizuri kwenye boksi. Hakuna boksi linaloandika kwa herufi kubwa "njia ya biti 64".

Haya, najua hapo wacheza gemu wa bweni letu wameshaanza kushangilia. "Si tulisema, memori ni urembo tu, angalia nguvu!" Tulieni kidogo, na nyie zamu yenu imefika.

Chukueni RTX 3060 ya GB 12 iliyotoka 2021, na RTX 3060 Ti ya GB 8 iliyoitangulia kwa miezi michache. Ti ina viini 4864 dhidi ya 3584, na inapitisha GB 448 kwa sekunde dhidi ya 360. Kwenye gemu nyingi Ti inashinda, sibishi. Lakini siyo sote tuliokuja hapa kucheza gemu. Rafiki yangu wa sayansi ya kompyuta anataka kufundisha modeli ya lugha yenye parameta milioni 500. Kwa njia ya kawaida, namba za biti 32 na Adam, kila parameta inakula baiti 16: nne zake mwenyewe, nne za gradienti, nane za Adam. Zidisha. GB 8 zimekwisha kabla hujaingiza hata sentensi moja ya data! Hapo Ti haiendi polepole, inagoma. Programu inakufa na ujumbe kwamba memori imekwisha. Ile 3060 "dhaifu" inaendelea na kazi. Ndiyo, zipo mbinu za kubana namba ziwe biti 16 au 8, na zinasaidia sana, lakini kila ukibana unaongeza kazi, na siku ya kukabidhi projekti haisogezwi.

Watu wa usanifu vilevile. Picha moja ya ukuta wa matofali yenye pikseli 4096 kwa 4096 unaiona ni MB chache kwenye diski, ikifunguliwa ndani ya kadi bila kubanwa ni MB 64. Kumi na sita tu zimekula GB nzima. Na stoo ikijaa, programu inayokubali kuendelea inaanza kutuma watu sokoni, yaani kwenye memori ya kompyuta yenyewe, kupitia njia ya PCIe. Kwenye mashine zetu nyingi kuukuu njia hiyo ni kama GB 16 kwa sekunde. Kutoka 448 hadi 16. Wapishi wako 4864 wamekaa chini wanapiga soga.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani silo la GB wala la viini. Kazi yako ina ukubwa gani? Isipoingia kwenye memori, nguvu zote ni bure. Ikishaingia, GB za ziada hazikuongezei hata picha moja, na hapo ndipo pesa iende kwenye viini na kasi. RTX 4060 Ti ilitoka 2023 kwa GB 8 na GB 16, chipu ile ile, dola 100 zaidi. Kwa kazi ya GB 5, hizo dola 100 ni zawadi kwa mwenye duka.

Na majina yasiwadanganye. 2022 ikatoka RTX 3060 nyingine ya GB 8, jina lile lile, lakini njia imekatwa kutoka biti 192 hadi 128 na kasi kutoka 360 hadi 240. Mtu anaingizwa mkenge akiwa na risiti mkononi.

Ukienda, beba GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ndogo ya bure. Mwambie muuzaji achomeke kadi na awashe kompyuta, kisha soma mwenyewe aina ya memori, upana wa njia na kasi yake. Kadi nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina inazigundua pia. Akikataa kuiwasha, rudisha pesa mfukoni upande daladala.