Remorke ya mbio: tununue freni mbele ya nguvu

Vijana wa migodi yetu, toka Kolwezi mpaka Lubumbashi, wamependa mbio za motokari. Si ajabu. Mutu anayetengeneza mashine za karieri juma zima, mikono yake haishindwi kufungua motere ya Starlet ya zamani na kuifunga upya. Tena jirani yetu Zambia, rally yao imehesabiwa miaka mingi katika shampiona ya Afrika. Wako wanaosema mchezo ule ni wa matajiri. Sisi wa sindika hatusemi vile. Mfanyakazi naye iko na haki ya kufurahi siku yake ya kupumuzika. Neno letu ni juu ya namna motokari ile inafika kwenye mbio.

Motokari ya mbio mara nyingi haina plake wala asiransi ya barabara, na ikivunjika kule, itarudi namna gani? Njo maana watu wanatafuta motokari ya kuvuta na remorke. Hapa njo wengi wanapoteza makuta. Wanakimbilia Land Cruiser kubwa juu ya sura yake, wanakopa kwa banki lambert, halafu remorke wanaisudisha na vyuma vilivyobaki, bila freni. Hesabu ile iko kichwa chini, miguu juu.

Tuhesabu pamoja. Starlet ya zamani inapima karibu kilo 800. Remorke ya chuma yenye magurudumu manne, ikiwa tupu, karibu 600. Ongeza mipira ya akiba, jeki, vyombo na mafuta, karibu 200. Jumla: kilo 1.600. Ukipandisha Subaru Impreza, utapita 2.000. Pick-up ya mazuti ya zamani, kama Hilux, inaweza kuvuta uzito ule, lakini soma kwanza karatasi za kiwanda, maana kila modeli iko na kipimo chake. Na kipimo kile kiko mara mbili: kimoja cha remorke yenye freni, kingine cha remorke isiyo na freni. Cha pili, kwa motokari nyingi, hakipiti kilo 750. Maana yake Starlet peke yake, hata bila kuhesabu remorke, imeshapita.

Basi makuta ya kwanza yaende kwa freni za remorke. Kisha mipira, taa, na minyororo ya kushika remorke kama ndoano inafunguka. Nguvu ya motere na rangi ya karoseri vingoje.

Kupakia nako ni kazi. Uzito ulemee kidogo mbele ya magurudumu ya remorke, ndoano ibebe karibu kilo 10 kwa kila kilo 100, bila kupita kipimo chake. Mbele ikiwa nyepesi, remorke itayumba kama mukia wa samaki. Ikiyumba, usikanyage freni kwa nguvu. Toa muguu kwa aksileratere, shika usukani sawa, acha mwendo upunguke wenyewe.

Tena motokari nyingi za kwetu zinatoka Japani, usukani kuume, na sisi tunatembea kuume kwa barabara. Shofere akiwa nyuma ya kaminyo ya minerai, haoni kinachokuja. Anayekaa kushoto awe mutu anayejua barabara, si mutu wa kulala. Na kama hakuna haraka, msipite.

Kwa kazi, delege wetu anakataa kaminyo itoke bila kukaguliwa freni, taa na mipira. Haki ile hatukupewa bure. Juu ya nini siku ya yenga tukubali kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, karibu kilomita 300, na tani mbili nyuma bila freni, kando ya bamama wanaouza makala? Anayekufa siku ya yenga ni mfanyakazi yule yule, na watoto wake ni wale wale.

Na kwa bei? Remorke ya mbio inatoka labda mara moja kwa mwezi. Hakuna sababu kila mutu awe na yake. Watu watano au sita wafanye likelemba, wanunue moja nzuri. Siku zingine ibebe mahindi ya mashamba yetu ao simenti, ijilipe yenyewe. Paka muandike karatasi na wote mutie saini: nani anaichunga, nani analipa mipira, nani anaruhusiwa kuivuta. Makuta yameshavunja urafiki mwingi kuliko mbio.

Kwa wale wanaotayarisha mbio, tunaomba jambo moja: mbele ya kukagua motokari ya mbio, mukague remorke iliyoileta. Isiyo na freni, isiingie.