Elimu Nayo Isipite Njia

Mkazi wa Tunduma hahitaji kufundishwa maana ya mzigo upitao njia. Kila siku huyaona malori yakielekea Zambia na nchi za mbele yake, naye ajua kwamba faida kubwa huwa ya yule anayeufungua mzigo, si ya yule anayeutazama ukipita. Leo twapenda kusema juu ya mzigo wa namna nyingine, nao ni elimu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2015, jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti juu ya samaki wa Ziwa Kisiba, ambalo pia huitwa Masoko. Ziwa hilo liko Rungwe, katika Mkoa wa Mbeya, ambao Songwe ilitengwa nao mwaka 2016. Ni ziwa la volkano, na upana wake haufiki kilometa moja. Humo samaki wa asili moja wanagawanyika makundi mawili. Madume wa ukingoni ni wa manjano. Wa kilindini, mita 20 na zaidi, ambako mwanga ni haba, ni wa buluu iliyokoza. Watafiti walikadiria kwamba mgawanyiko huo ulianza miaka 500 hadi 1,000 tu iliyopita. Miongoni mwa jeni zilizotofautiana ni ile ya rodopsini.

Rodopsini ni protini iliyomo ndani ya jicho, la samaki na la binadamu pia. Imeshika chembe itokanayo na vitamini A. Mwanga ukiigusa, chembe hiyo hujinyoosha, protini hubadili umbo, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto aliyekosa vitamini A hushindwa kuona jua linapokuchwa. Basi anayechunguza umbo na mwenendo wa protini hii hachezi. Anachunguza kuona kwenyewe.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba hayo ni ya watu wa bara peke yao. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba protini za macho ya silikanti wa Komoro, ambaye wenyeji humwita gombesa, zimelingana na mwanga mdogo wa buluu unaofika kiasi cha mita 200 chini ya bahari. Tangu mwaka 2003 samaki huyo wa kale amenaswa katika maji ya Tanzania pia, hasa Tanga.

Aliyetangulia katika orodha ya waandishi wa utafiti wa Kisiba, Milan Malinsky, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Cambridge. Hatumwonei kijicho, twampongeza. Watanzania nao walishiriki, akiwamo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Lakini jeni za samaki hao zilisomwa Uingereza. Ni kama kahawa ya Mbozi: huondoka ikiwa mbichi, na wengine ndio waikaangao.

Kwa hiyo twaziomba mamlaka zinazohusika mambo mawili. Kwanza, COSTECH na vyuo vyetu vihakikishe kwamba kila mradi mkubwa wa wageni juu ya viumbe wetu unamsomesha angalau Mtanzania mmoja hadi uzamivu, na kwamba anarudi akiwa na maabara ya kufanyia kazi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja ni mahali panapofaa kuanzia.

Pili, maziwa yetu yalindwe. Utafiti ulioongozwa na Asilatu Shechonge, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba sato wa kigeni wameenea katika maji mengi ya Tanzania. Ziwa Rukwa, ambalo Songwe ina sehemu yake, lina sato wake wa asili. Mgeni akimmaliza mwenyeji, hakuna maabara itakayomrudisha. Maofisa wa uvuvi wa wilaya wasiruhusu vifaranga kumwagwa ziwani bila ushauri wa wataalamu.

Vijana wa Ileje, Momba na Pemba wana akili sawa na vijana wa Cambridge. Wanachokosa ni nafasi na vifaa, na hivyo ni vitu vinavyoweza kupangwa katika bajeti. Tusingoje wageni waje kutusimulia habari za maji yetu wenyewe.